Wikiendi moja tu Birmingham: niende Villa Park au nipande treni nikaitafute Arsenal? Naomba ushauri

Rangi Tatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mwenye uzoefu wa viwanja vya Uingereza naomba anishike mkono.

Mwisho wa Oktoba naenda Birmingham kikazi, mafunzo ya siku tano. Yanaisha Ijumaa mchana, ndege ya kurudi ni Jumatatu asubuhi. Nina Jumamosi na Jumapili nzima, na sijui kama maishani nitapata tena nafasi ya namna hii. Nataka kuiona ligi ya Uingereza kwa macho yangu baada ya kuitazama miaka yote kwenye king'amuzi cha mtu mwingine.

Mimi ni Arsenal tangu 1998, mwaka ule kocha Wenger alipochukua ligi na kombe la FA kwa mpigo. Msimu wa 2003/04 nilikuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa za nyuma zote ni matokeo: mechi 38, ushindi 26, sare 12, kufungwa hakuna. Kwa hiyo ningeulizwa zamani, jibu lingekuwa London, mjadala umefungwa.

Lakini kuna jambo. Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020 Aston Villa, timu ya huko huko Birmingham, walikuwa ugenini Bournemouth, na Mbwana Samatta alikuwa anacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Sisi ni watu wa Mbagala, Samatta ni wa kwetu. Kibanda umiza kilijaa mpaka watu wakakalia ndoo tupu za rangi. Kaka yangu mkubwa, Manchester United wa kufa mtu, alikaa kulia kwangu. Villa nyuma mbili bila. Inakaribia saa moja na nusu usiku, Samatta akapiga kichwa, mpira nyavuni. Mtu akauvuta waya wa spika kwa kuruka, tukaangalia marudio bila sauti, na hatukuihitaji sauti. Villa wakalala 2-1, ila ungepita mtaani kwetu usiku ule ungedhani wamebeba ubingwa. Siku mbili baadaye kaka akaenda Kariakoo akanunua jezi ya Villa, akaandikisha SAMATTA mgongoni.

Kaka alifariki 2022. Jezi ninayo mimi. Herufi S ya mwanzo imeanza kubanduka.

Sasa ndio nimekwama. Niende Villa Park, uwanja wao, na jezi ya kaka, nikakae nyuma ya lile goli alilokuwa anafungia Samatta? Au nifuate timu yangu ya miaka yote? Mtandaoni nimeona tiketi ya Arsenal pauni 340, zaidi ya milioni moja za kwetu, na muuzaji anataka nitume hela leo leo. Naomba kuwasilisha.

Dada wa Smethwick

Pole kwa kumpoteza kaka. Na hiyo hela usitume.

Niko huku mwaka wa kumi na moja. Kuuza tena tiketi ya mpira bila idhini ya klabu ni kosa la jinai Uingereza tangu sheria ya 1994, kwa hiyo huyo muuzaji ni mlanguzi hata kama tovuti yake inang'aa. Njia ya halali iko hivi: klabu kubwa zinawauzia kwanza wenye tiketi za msimu, kisha wanachama waliolipia uanachama wa mwaka. Zikibaki ndipo zinafunguliwa kwa kila mtu, na Arsenal hazibaki. Lakini mwenye tiketi ya msimu akipata udhuru, anakirudisha kiti chake kwenye ukurasa wa klabu wenyewe, na mwanachama mwingine anakinunua kwa bei ya kawaida. Viti hivyo vinatoka kimoja kimoja, siku chache kabla ya mechi. Lipia uanachama wa Villa, kisha uwe unafungua ukurasa asubuhi na usiku. Mimi nimepata hivyo mara tatu.

Jingine: usikate tiketi yoyote ya treni kwa kuamini ratiba ya mwanzo wa msimu. Televisheni zikishachagua mechi zao, ya Jumamosi saa tisa alasiri inaweza kuhamia Ijumaa usiku au hata Jumatatu. Na timu iliyocheza Ulaya siku ya Alhamisi, mechi yake ya ligi inasogezwa Jumapili.

Kisumu Ndogo

Ndugu, mimi nitasema tofauti. Umeipenda Arsenal tangu 1998 halafu uishie Birmingham, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni ya kasi kutoka London? Hiyo 340 ni pesa nyingi, sawa, lakini ni mara moja. Mimi ningelipa. Pesa hutafutwa.

Kiti Kitupu

Kisumu Ndogo, nakuheshimu, ila ngoja nikueleze yaliyonikuta. Niliwahi kulipa bei ya aina hiyo, sitaitaja klabu wala tovuti. Tiketi ikaja kwenye simu, nzuri kabisa, ina mstari na namba ya kiti. Nikafika getini saa nzima kabla. Nikaweka simu kwenye mashine, taa nyekundu. Nikarudia, nyekundu. Mzee wa getini akaniangalia kwa huruma akasema kiti hicho kina mtu tayari. Nikasimama nje ukutani na skafu yangu shingoni. Bao lilipoingia nilisikia uwanja mzima ukinguruma, ukuta niliouegemea ukatetemeka, na sikujua nani kafunga. Nilijua kwa kusoma kwenye simu, kama vile niko Temeke.

Mleta uzi, sikutakii jioni ile.

Kisumu Ndogo

Pole sana. Nimerudi nyuma, sikujua mambo yako hivyo.

Babu wa Coventry

Kijana wangu, nakurekebisha kwa upendo. Villa Park hakuna goli alilofungia Samatta. Mabao yake ya Villa ni mawili tu: lile la Bournemouth, na la Wembley tarehe 1 Machi 2020, fainali ya kombe la ligi dhidi ya Manchester City, akaruka na kupiga kichwa, wakafungwa 2-1. Yote mawili nje ya nyumbani.

Ila usikate tamaa, maana Villa Park ndipo alipovaa jezi ile kwa mara ya kwanza. Ilikuwa 28 Januari 2020, nusu fainali ya marudiano ya kombe hilo hilo na Leicester, Trezeguet akafunga dakika za nyongeza, na watu wakamwagika uwanjani kushangilia. Mimi nilikuwepo. Samatta alianza siku ile. Kwa hiyo jezi ya kaka yako ikienda pale, inaenda mahali pake.

Na ukifika, kabla hujaingia, tafuta sanamu ya William McGregor. Alikuwa Mskochi mwenye duka la vitambaa Birmingham na kiongozi wa Villa. Zamani timu zilikuwa zinacheza mechi za kirafiki bila mpango. Mnakubaliana Jumamosi, mwenzako akipata mechi ya kombe hatokei, na mashabiki wamekwishafika. Mwaka 1888 McGregor akaziandikia klabu barua: tuwe na ratiba ya kudumu, nyumbani na ugenini. Zikaanza klabu 12, na tatu kati yake ziko jirani hapa hapa: Villa, West Bromwich Albion na Wolves. Vurugu zote za wikiendi tunazozipenda, kuanzia Mbagala mpaka Mombasa, mzizi wake ni yule muuza vitambaa. Mimi kila nikipita namsalimia.

Rangi Tatu

Babu, shikamoo, na asante kwa kunirekebisha. Miaka yote nilijua alifunga nyumbani. Nimesoma jibu lako kwa sauti mbele ya mke wangu.

Maswali madogo: jezi ya Villa nikiivaa naweza kukaa popote? Nilifikiria pia kuvaa ya Taifa Stars. Baridi ikoje? Na chakula cha uwanjani, mimi ni Muislamu.

Dada wa Smethwick

Ya Villa vaa bila wasiwasi, mradi ukae majukwaa ya wenyeji. Ukipata Holte End ni bahati, jukwaa lile peke yake linachukua zaidi ya watu elfu 13 na ndilo linaloimba. Ya Arsenal iache hotelini kabisa, hata chini ya koti. Majukwaa ya wenyeji mtu wa timu nyingine hatakiwi, na walinzi watakutoa. Ile ya Taifa Stars ya bluu nayo iache, bluu ni rangi ya Birmingham City, mahasimu wao wa mjini.

Baridi inaanzia miguuni. Sakafu ni ya zege, na unakaa au unasimama pale saa mbili. Vaa soksi mbili, na jezi ya kaka ivae juu ya sweta ionekane.

Chakula: mkoa huu wana pai ya kuku ya balti, balti yenyewe ni mapishi ya Wapakistani wa Birmingham, tamu mno. Lakini uliza kama kuku ni halali, maana si kila kibanda. Ukiona mashaka kunywa chai, ule mjini baadaye. Na usishangae kuona watu wamebanana kwenye korido wakimaliza bia zao kabla ya mpira kuanza: hairuhusiwi kunywa pombe mahali unapouona uwanja.

Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba huku saa zinarudishwa nyuma saa moja. Jumamosi tunapishana na nyumbani saa mbili, Jumapili saa tatu. Usije ukampigia mkeo usiku wa manane.

Chuma cha Tanga

Mimi naongeza kitu ambacho hukuuliza. Tuseme Villa wamesogezwa Jumapili, au wako ugenini. Jumamosi usikae hotelini ukisubiri kuangalia mechi za saa tisa alasiri, maana hazionyeshwi! Huku Uingereza, Jumamosi kuanzia saa nane na dakika 45 hadi saa kumi na moja na robo jioni, ni marufuku kurusha mechi mubashara kwenye televisheni. Wanataka watu waende viwanja vidogo. Mechi ambayo kaka yako aliiona Mbagala, mtu wa Birmingham aliyekosa tiketi aliisikiliza redioni.

Basi nawe nenda uwanja mdogo. Wapo Walsall, uwanja wa watu elfu 11, na kituo cha treni cha Bescot Stadium kiko pale pale. Treni ni ile ile inayopita Witton, kituo cha Villa Park, wewe unaendelea mbele tu. Nilikwenda Desemba moja na mvua. Nilikaa safu ya tatu. Kwenye televisheni hujui kwamba beki anaongea dakika zote tisini; pale nilimsikia akiita majina ya wenzake mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Krosi ikipigwa unasikia buti kwanza. Mzee mmoja jirani yangu, ana daftari, anaandika kila badiliko kwa penseli. Nilipomwambia natoka Tanzania akaninunulia chai na kunihadithia mechi za tangu utoto wake.

Ligi za chini ya ligi kuu zina klabu 72, na wikiendi ya mpira huku ni yao zaidi kuliko ya hizi 20 tunazozijua.

Kama Walsall hawako nyumbani angalia West Brom, The Hawthorns, ndio uwanja ulio juu zaidi kutoka usawa wa bahari kati ya viwanja vya ligi hapa, na ndiko walikocheza pamoja Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson, enzi ambazo mchezaji mweusi alirushiwa ndizi.

Rangi Tatu

Hapa sasa napata mwanga. Ila roho ya Arsenal bado inanisuta.

Kisumu Ndogo

Hii nimeifikiria usiku kucha. Siku ambayo haina mechi ya Villa, panda treni asubuhi mpaka Euston. Kamata Victoria Line, treni ya chini ya ardhi, Highbury & Islington ni kituo cha pili. Emirates, uwanja wa Arsenal, utauzunguka kwa nje bure uone sanamu: Henry yuko pale amepiga magoti kama siku ile ya Tottenham 2002, Bergkamp yuko hewani, na Wenger ameinua kombe. Kisha tembea hadi Highbury, uwanja wao wa zamani. Ukuta wa jukwaa la mashariki bado upo na maandishi yake mekundu. Ndani ni nyumba za watu, na pale palipokuwa na nyasi ni bustani ya wakazi, kwa hiyo chungulia kwa adabu. Hapo ndipo daftari lako la hesabu lilipoandikwa. Na ndipo Henry alipobusu nyasi Mei 2006, siku ya Wigan, mechi ya mwisho pale.

Rangi Tatu

Kisumu Ndogo, Mungu akubariki. Daftari lenyewe bado liko kwa mama, nitalichukua.

Nimeamua. Uanachama wa Villa nimelipia leo. Wakicheza Jumapili, Jumamosi asubuhi London na kurudi. Wakicheza Jumamosi, Jumapili London. Tiketi ya Villa ikikataa kabisa, naenda Walsall na jezi ile ile, na nitapita kumsalimia McGregor hata kama geti limefungwa. Ile ya pauni 340 nimeifuta.

Bado moja tu, na najua si la mpira. Ile herufi S. Fundi wa mtaani anasema aishone kwa uzi. Mnasemaje?

Dada wa Smethwick

Asiishone, sindano itaichana. Lalisha jezi mgongo ukiwa juu, hakikisha haina unyevu. Lalisha herufi ikae sawasawa, weka karatasi ya kuokea juu yake, pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke, bonyeza sekunde kumi, inua. Usisugue. Iache ipoe kabisa ndipo uondoe karatasi. Jaribu kwanza kwenye A ya mwisho.