Binti yangu ana mkono mmoja na anaogelea vizuri: abaki Dar na bwawa, au aende bweni Morogoro?

Baba Wawili (Tandika):

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome mpaka mwisho, jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Nina binti wa miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Alizaliwa mkono wa kushoto ukiwa umeishia chini kidogo ya kiwiko. Kuogelea alijifunza baharini Kigamboni, kwa binamu zake, kisha mwalimu mmoja akamwona akaniambia huyu apelekwe kwenye bwawa, asiishie kucheza na mawimbi. Klabu ya kwanza tuliyoiendea ilitukatalia mlangoni, eti hawana uwezo wa kuangalia "watoto wa aina hiyo". Ya pili ikampokea, na kocha wake ni mtu na utu wake. Sasa anaogelea na wenzake wenye mikono miwili, na wapo anaowaacha nyuma.

Mambo mawili yamenifikisha hapa. Kwenye mashindano ya vilabu aliingia mita 50 mtindo wa chura, akamaliza wa tatu. Mwamuzi akamwondoa, maelezo yakiwa kwamba wakati wa kugeuka na wa kumaliza hakugusa ukuta kwa mikono miwili. Mikono miwili ataitoa wapi? Pale bwawani hakulia. Alilia kwenye daladala, kimya, uso ameugeuzia dirishani. Tangu siku hiyo ananiuliza kama kuna mahali popote mtu kama yeye anaruhusiwa kushindana, na mimi jibu sina.

La pili ni la nyumbani. Bibi yake mzaa mama amejitolea kumlipia shule ya bweni Morogoro kuanzia kidato cha pili. Shule ni nzuri ila haina bwawa. Mama yake anataka aende, na hoja yake ni nzito: mtoto mwenye ulemavu nchi hii asipokuwa na cheti atahangaika mara mbili ya wenzake. Mimi naendesha bajaji. Ada ya klabu na nauli zinanibana kwelikweli, lakini sijawahi kumwona mwanangu na furaha kama akiwa majini.

Je, mchezo huu una maisha kwa mtoto kama huyu, au nampotezea muda? Nawasilisha.

Mzee wa Gongo la Mboto:

Mwanangu, mpeleke shule. Nimeona vijana wengi wa mpira walioacha daftari kwa sababu ya kipaji, leo wanakaa kijiweni. Na huyu wako ana ulemavu, hana nafasi ya kujaribu-jaribu. Kuogelea ataogelea likizo.

Mama Kulwa:

Shikamoo mzee wangu. La shule nakuunga mkono, la likizo hapana. Wangu wa kwanza aliogelea hadi kidato cha nne. Akikaa mwezi mmoja bila kugusa maji, akirudi pumzi imekata na mikono mizito, anaanza upya. Kumpeleka bweni kusiko na bwawa maana yake ameacha. Kama ndivyo mnavyoamua, mwambieni hivyo waziwazi, msimdanganye kwamba ataendelea.

Baba, swali la binti yako lina jibu, na liko jirani tu hapa Uganda. Mtafutie habari za Husnah Kukundakwe. Amezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia, na mkono wa kushoto nao una hitilafu. Aliiwakilisha Uganda kwenye Paralimpiki, yaani michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 14, umri wa bintiyo, katika mita 100 mtindo wa chura. Mtindo uleule aliotolewa mwanao! Mwaka 2024 akaenda tena, Paris. Mwonyeshe video zake usiku huu huu.

Kocha wa Upanga:

Baba Wawili, nimefundisha watoto kuogelea hapa mjini kwa muda mrefu na wenye ulemavu wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Nianze na kule kutolewa. Kanuni ya kawaida ya mtindo wa chura na wa kipepeo inataka mikono miwili iguse ukuta kwa pamoja, na mwamuzi aliisoma kama ilivyoandikwa. Lakini kuogelea kwa watu wenye ulemavu kuna kanuni zake, zinazosimamiwa na World Para Swimming chini ya Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki. Humo imeandikwa kwamba muogeleaji mwenye mikono isiyolingana urefu anatakiwa kugusa kwa ule mrefu tu, mradi yote miwili ameinyoosha mbele kwa pamoja. Kwa hiyo mfundisheni kukinyoosha na kile kilichobaki cha mkono wa kushoto kila anapofika ukutani, iwe mazoea. Na kabla ya mashindano mengine kocha wake amwone mwamuzi mkuu mapema, ikibidi kwa barua. Mambo haya yanazungumzwa kabla ya filimbi ya kwanza. Baada ya mbio, mwamuzi anakuwa anatetea uamuzi wake.

Sasa madaraja, yaani makundi ya kushindania kulingana na ulemavu, kwa sababu njia yake yote inapita hapo. Wenye ulemavu wa viungo wanapangwa kuanzia S1 hadi S10. Namba inavyokuwa ndogo ndivyo ulemavu unavyomzuia mtu zaidi majini. S11 hadi S13 ni wasioona na wenye uoni hafifu, S14 ni wenye ulemavu wa akili. Herufi S peke yake ni ya mtindo huru, chali na kipepeo. Mtindo wa chura una namba yake, SB, kwa kuwa miguu inabeba kazi kubwa zaidi, na mchanganyiko wa mitindo yote ni SM. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na namba mbili tofauti. Aliyekatika chini ya kiwiko kama mwanao mara nyingi huangukia jirani na S9, ila usiishike namba hiyo kichwani. Wanaoitoa ni wapimaji, sio mimi wala kocha wake.

Upimaji una hatua. Kwanza nchi kavu: wanapima urefu wa viungo, nguvu za misuli, viungo vinakunjuka kiasi gani. Kisha wanamtazama majini, halafu wanamtazama tena akiwa kwenye mbio zenyewe. Na hapa nakusihi kama mzazi mwenzangu: atatokea mtu wa kukunong'oneza kwamba binti ajilegeze mbele ya wapimaji apewe namba ndogo, akutane na wapinzani dhaifu. Mkatae mtu huyo. Adhabu yake ni kufungiwa, na kabla hata ya kufungiwa utakuwa umemfundisha mtoto kuuza ulemavu wake.

Mwisho, huwezi kumsajili mwenyewe kimataifa. Mlango ni Kamati ya Paralimpiki ya Tanzania. Wao ndio wanaowasilisha jina lake na fomu ya daktari. Chama cha Kuogelea Tanzania nacho kimjue, kwa sababu mashindano ya kila siku ya hapa nyumbani ni yao.

Baba Wawili (Tandika):

Kocha, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mama yake. Hiyo video ya binti wa Uganda ameirudia mpaka bando limeisha.

Naongeza mawili. Siku hizi analalamika bega la kulia linauma. Na mniambie ukweli kuhusu fedha. Mama yake kauliza: huyo wa Uganda anakula nini?

Mtaalamu wa Viungo:

Kuhusu bega nakujibu mimi, kazi yangu ni tiba ya viungo. Mtoto anayevuta maji kwa mkono mmoja analitwisha bega moja kazi ya mawili, na mwili unapinda kuelekea upande mmoja ili usawa upatikane. Maumivu kwa umri wake msiyachukulie kama uchovu wa kawaida. Apunguze mbio za mikono kwa sasa, afanye zaidi kazi ya miguu, na apewe mazoezi ya misuli ya tumbo, mgongo na nyuma ya bega nje ya maji, kwa mpira wa kuvuta na sakafu tu. Na upande wa kushoto ufanye kazi! Makocha wengi huuacha ule mkono mfupi ukae bure, wakati nao unashika maji na unausaidia mwili kujiviringisha. Aonwe na mtu wa fani hii. Hospitali ya CCBRT pale Msasani au taasisi ya mifupa ya MOI Muhimbili wanajua habari za viungo. Akitoka huko ombeni maelezo ya daktari kwa maandishi, mtayahitaji kwenye ile fomu aliyoitaja kocha.

Jambo jingine: kama anavaa mkono bandia shuleni, sawa. Kwenye mbio hauruhusiwi, kwa hiyo mazoezi afanye bila huo.

Kocha wa Upanga:

Fedha. Nitasema bila kupamba: hapa kwetu sijaona mtu anayeendesha nyumba kwa kuogelea, mwenye ulemavu au asiye nao. Wanaofika juu wanabebwa na ufadhili, udhamini wa masomo na misaada ya safari. Kinachobaki mkononi ni ujuzi: kufundisha kuogelea, kuokoa watu majini, ualimu wa michezo. Kwenye jiji la bahari kama hili ujuzi huo una wateja. Kwa hiyo mama yake yuko sahihi kuhusu cheti, na ufadhili wa masomo wenyewe unataka matokeo ya darasani pia.

Dada wa Kinondoni:

Mimi mguu wangu wa kushoto ni wa bandia, nina miaka 31. Baba, nataka kukuambia kitu ambacho makocha hawatakuambia.

Mwanao akianza kushinda, watakuja watu na kamera. Watataka apige picha ameuinua ule mkono, wataandika "shujaa" na "asiyekata tamaa", wataondoka, na nauli ya kesho itakuwa yako vilevile. Nilipitia hayo nikiwa na umri wake kwenye riadha. Nilikuwa nakimbia vizuri na hakuna aliyeuliza nimekimbia kwa muda gani. Waliuliza kama nililia nilipokatwa mguu. Mlinde. Atakayemhoji aulizwe kwanza kama anajua muda wake wa mita 50.

Na msimwache abaki mwenye ulemavu pekee bwawani. Apate hata mmoja tu wa kufanana naye, wa kuulizana jinsi ya kufunga nywele kwa mkono mmoja na kuvuta kofia ya kuogelea. Kule bweni pia mfikirie hili: nani atamsaidia wiki ya kwanza, na je, amekubali mwenyewe? Kwenye uzi wote huu sijaona mahali binti alipoulizwa anataka nini.

Wakili wa Ilala:

Kwa kifupi kuhusu ile klabu ya mlangoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 30 kinagusa michezo moja kwa moja, watoto wakiwemo. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sikushauri uende mahakamani, una mtoto wa kulea. Lakini andika barua ya kistaarabu, utaje sheria hiyo, nakala ipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa manispaa yako. Mtoto wa pili atakayefika mlangoni pale atapokelewa tofauti.

Mzee wa Gongo la Mboto:

Huyo dada wa Kinondoni amesema neno. Nami sikuuliza. Binti anasemaje?

Baba Wawili (Tandika):

Nimewasoma wote. Jana baada ya chakula tulimkalisha, mimi na mama yake, tukamuuliza. Alituambia hataki kwenda bweni, ila anaogopa kukataa kwa sababu bibi ndiye anayelipa. Akasema pia kwamba siku za mazoezi anafika nyumbani usiku na hesabu zinamshinda kwa usingizi. Hilo la hesabu mama yake alikuwa analijua, mimi nilikuwa silijui.

Tumempigia bibi. Hakufurahi, lakini amekubali fedha ile ilipe shule ya kutwa yenye masomo ya ziada hapa Dar mpaka mtihani wa kidato cha pili, kisha tutatazama matokeo. Yakishuka, atakwenda Morogoro, na binti mwenyewe amekubali sharti hilo. Mazoezi yatapungua katikati ya wiki, Jumamosi yatakuwa marefu. Bega tunalipeleka Msasani wiki hii.

Swali langu la mwisho kwa kocha: nikienda Kamati ya Paralimpiki, niende na nini mkononi? Sitaki kufika pale na maneno matupu.

Kocha wa Upanga:

Nenda na cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, barua ya klabu yake na yale maelezo ya daktari yanayosema wazi mkono umeishia wapi na ni tangu kuzaliwa. Kisha karatasi moja ya muda wake: mita 50 na 100 mtindo huru, mita 50 na 100 mtindo wa chura, na kila muda uandikwe umepatikana wapi, lini, na kwenye bwawa la urefu gani. Hilo la urefu usilisahau. Mabwawa mengi ya shule hapa Dar ni ya mita 25, na muda wa bwawa hilo huwa mzuri kuliko wa mita 50 kwa sababu mtoto anapata kusukuma ukuta mara nyingi zaidi, wakati viwango vya kufuzu Paralimpiki vinataka muda wa bwawa la mita 50.

Mrekodi pia kwa simu, kutoka pembeni na kutoka mbele, ukuta uonekane anapougusa. Akipona bega, mlete Jumamosi nimtazame huo mguso wa chura. Nimekutumia namba yangu kwa ujumbe wa siri.