Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi Morriston na bonde la mto Tawe, Swansea

MgeniWaBonde
Wakuu, salaam. Mwenzenu nimehamia Morriston, kaskazini ya Swansea huku Wales. Mke wangu kapata kazi hospitalini, mimi nimekuja kama mizigo yake mingine. Kabla ya kusafiri nilisoma kwamba bonde hili ndilo lililokuwa likiyeyusha sehemu kubwa ya shaba ya dunia karne ya 19. Nimefika, naona saluni za kunyoa, mitaa iliyonyooka, mvua na vilima vya kijani kibichi. Dohani hata moja sijaiona. Waliotangulia mtupe uzoefu: maisha yakoje, majirani wakoje, na hiyo shaba ilikwenda wapi? Ya kwenye mitandao nimeshasoma, nataka ya mliyoyaona.

NesiWaGusii
Karibu sana ndugu, na umsalimie sana mama. Niko hapo hapo hospitalini, wodi siitaji. Mwambie ajiandae kwa kilima, na ajue atakutana na mambo mazito: kituo cha majeraha ya moto cha Wales kiko hapo Morriston.

Watu wa hapa wanaongea, aki! Simama kituo cha basi kidogo tu, utajua binti ya nani kaachika na kwa nini. Wazee ndio usiseme. Kuna mgonjwa mmoja aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya. Akasema ukoo wao ulifika Chile kabla haujafika London. Nikadhani ni dawa. Kumbe mzee alikuwa na akili timamu. Alinieleza kwamba kuyeyusha shaba kulitaka makaa ya mawe mengi kuliko mawe ya shaba yenyewe, na makaa yalikuwa hapa, tena karibu na bahari. Basi ikawa rahisi kuyaleta mawe kwenye makaa. Kwanza yalitoka Cornwall ng'ambo ya ghuba, baadaye Cuba na Chile, meli za Chile zikizunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, na kurudi. Vijana wa mitaa hii ndio walikuwa mabaharia.

Siku hizi nikipewa zamu ya usiku nawauliza wazee wenyewe. Usiku unaisha haraka.

Mchanga_na_Maji
Mkuu MgeniWaBonde, shaba haikwenda popote, iko chini ya miguu yako. Nilisoma uhandisi wa mazingira hapo Swansea na bonde hili ndilo lililonifanya nisibadilishe kozi.

Moshi wa viwanda ulikuwa na salfa na aseniki. Wakulima walishtaki wenye viwanda mahakamani miaka ya 1830, wakashindwa. Majani yakafa, miti ikafa, mvua ikaosha udongo mpaka ukabaki mwamba na vilima vya mavi ya shaba, yaani takataka za matanuri. Viwanda vilipoanza kufungwa kimoja kimoja, hakuna aliyetaka kubeba ule uchafu. Kwa miaka mingi, ukiingia Swansea kwa treni kitu cha kwanza kukiona ni jangwa jeusi.

Mwaka 1961 ndipo chuo kikuu, halmashauri na wengine wakaanzisha mradi wa kulichunguza bonde la chini la Swansea. Kwanza waliuchunguza udongo kipande kwa kipande: shaba, zinki, risasi. Wakajaribu aina za nyasi zinazovumilia metali, wakaweka mbolea, wakapanda misonobari, milachi na mibetula. Wanajeshi walisaidia kusawazisha vilima. Lakini kilichonifurahisha mimi ni watoto wa shule. Waliitwa kupanda miti kwa mikono yao, kwa hesabu kwamba mtoto hatavunja mti alioupanda mwenyewe, wala hatakubali mwenzake auvunje. Jirani yangu wa zamani pale Llansamlet alikuwa mmoja wa watoto hao. Ukipita naye kilima cha Kilvey anakuonyesha msonobari anaodai ni wake. Sijui atauthibitishaje, lakini nani wa kumbishia.

Kwa hiyo hiyo kijani unayoisifu ni kazi ya watu. Ila kama una bustani upande wa mtoni, mboga za majani panda kwenye masanduku ya udongo wa kununua. Sikutishi, mimi ndivyo nilivyofanya.

DerevaMstaafu
Nyote mnaoendesha magari London, Leeds, sijui Glasgow, leseni zenu zinatoka hapo Clase, jirani na Morriston, kwenye lile jengo refu. Nusu ya mtaa wangu walifanya kazi humo. Tuheshimiane.

Mwana_Lubumbashi
Bandugu, jambo. Mimi nililetwa Swansea na serikali wakati nasubiri majibu ya hifadhi. Sikuchagua. Siku ya kwanza kuona magofu ya viwanda vya shaba vya Hafod na Morfa pale kando ya mto, nilisimama nikacheka peke yangu. Kwetu Lubumbashi tuna dohani ile ndefu na mlima mweusi wa mavi ya shaba, ndiyo alama ya mji, kila mtoto anaichora. Nimekimbia shaba, nimepokelewa na shaba!

Hafod ilianzishwa 1810 na familia ya Vivian, na kazi ya shaba pale ilikoma 1980. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, kwa hiyo majengo yale sihitaji kuelezwa. Najua mke wa mfanyakazi wa tanuri anavyofua nguo.

Kuna jambo wenzangu hamjaligusa. Vukeni mto muende White Rock, magofu ya kiwanda cha 1737. Pale zilitengenezwa manila, bangili za shaba na aloi zake zilizopelekwa Afrika Magharibi kununulia watu. Na mgodi wa El Cobre kule Cuba, uliolisha matanuri ya Swansea, ulichimbwa na watumwa, hata baada ya Uingereza kupiga marufuku utumwa kwenye makoloni yake. Viongozi wa matembezi wengine wanalisema, wengine wanalipita kwa haraka. Mimi nikiwa kwenye kundi huwa nauliza kwa sauti, na sijawahi kufukuzwa.

MgeniWaBonde
Asanteni, hii ni zaidi ya nilivyotegemea. Mwana_Lubumbashi, Jumamosi nakwenda White Rock. Swali la nyumbani sasa: ibada na chakula?

BiShamsa
Mwanangu, unga, mchele na nyama ya halali nenda St Helen's Road mjini, msikiti uko huko huko. Morriston kwenyewe, Woodfield Street, utapata mkate, samaki wa kukaanga na mazungumzo. Na hayo magofu ya Hafod mnayoyasifia, tangu 2023 mna kiwanda cha wiski. Mimi napita nje.

NesiWaGusii
Kwa Wakristo, kanisa la Tabernacle hapo Woodfield Street, la 1872, lenye mnara mrefu. Nenda siku kuna kwaya. Morriston Orpheus, kwaya ya wanaume, wapo tangu 1935. Mimi ni Msabato, nasema nilikaa mpaka mwisho.

Kijana_wa_Landore
Niongeze la majirani. Wengi mtaani kwangu walikuwa chuma, siyo shaba, kule Port Talbot. Tanuri la mwisho lilizimwa Septemba 2024. Jirani yangu alirudi na sanduku lake la vifaa, akaliweka gereji, akaanza kunifundisha kupanda viazi, hata sikumwomba. Tukikaa ananiuliza kwetu watu wanafanya nini mgodi ukifungwa. Natoka Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, ninayo ya kumwambia. MgeniWaBonde, ukipata nafasi njoo, hupenda kusikilizwa na watu wawili kuliko mmoja.