Walichukua pesa ya bima miaka miwili, wezi walipoingia ndipo wakakumbuka nyumba haina mtu!

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nina hasira na sitaificha.

Tangu mama afariki, nyumba yake ya Bel-Air haina mtu. Sisi watoto wanne tulikubaliana iuzwe. Wanunuzi wanakuja, wanazunguka vyumbani, wanalia bei, wanaenda zao. Huu ni mwaka wa pili. Mimi ndiye niliyebaki mjini, kwa hiyo mzigo wote ni wangu: mshahara wa zamu anayelinda nyumba, kufyeka majani kabla ya kiangazi maana jirani anachoma takataka ukutani, kuzoa majani ya mwembe kwenye mifereji ya bati kabla ya mvua ya Novemba, kupambana na mchwa kwenye fremu za milango. Kila Jumamosi niko kule.

Nikaenda kampuni moja ya bima, jina nalihifadhi kwa sasa. Kijana wa mapokezi nilimwambia waziwazi: hakuna anayelala humo, tunauza. Akaandika, akapokea dola, akanipa makaratasi ya Kifaransa, kurasa kumi na nane.

Mwezi wa pili huu, zamu akiwa msibani Likasi, wezi waliingia. Waling'oa pampu ya kisima, nyaya zote za shaba toka kwenye mita, mlango wa chuma wa nyuma. Waliinua bati tatu za jikoni, mvua ikanyeshea ndani siku nne. Dari limeshuka lote.

Nikapeleka karatasi ya polisi na picha. Jibu lao: ukurasa wa kumi na moja unasema nyumba isipokaliwa zaidi ya siku 90, kinga ya wizi na ya maji inasimama. Kinga ilisimama, malipo je? Oktoba iliyopita walinipigia wao wenyewe nilipie mwaka wa pili. Walikuwa wanakinga nini?

Najua kwa nini bima inaogopa nyumba tupu. Bomba likipasuka hakuna wa kusikia, moto ukianza hakuna wa kuona. Basi niambie siku ile ile mezani! Ongeza bei, dai zamu wawili, dai maji yafungwe, nitakubali au nitaondoka. Sheria ya 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na kampuni binafsi zikaanza kazi 2019 ili mteja achague. Nitachaguaje kitu nilichofichwa?

Barua nimepeleka ARCA, wanaosimamia bima. Aliyewahi kushinda kesi ya namna hii aniambie alishika njia gani. Na wewe yaya mwenye nyumba tupu, iwe Golf au Katuba, toa mkataba wako usiku huu, tafuta neno « inoccupation », yaani nyumba kutokaliwa, uone wameandika siku ngapi.

Kesho napanda juu na fundi kurudisha zile bati kwa pesa yangu. Jumatatu kuna mnunuzi.