Karani mmoja, wakuu wawili: mtendaji na hakimu mfawidhi wagawane vipi kazi za kila siku?

Mtendaji Mgeni (Dodoma)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimehamia Mahakama hivi karibuni nikitokea halmashauri, na nimepangiwa nafasi ya mtendaji wa mahakama ya wilaya katika mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Dodoma. Kazi za fedha, majengo na magari ninazifahamu, kwa kuwa hazitofautiani sana na nilizokuwa nikizifanya huko nyuma. Linalonisumbua ni masijala, yaani ofisi inayotunza majalada ya mashauri, hasa nyakati za asubuhi.

Orodha ya mashauri hubandikwa ubaoni mapema, na mashauri yote huandikwa kuwa yanaanza saa tatu. Wadaawa, yaani wenye mashauri, wengi wao hutoka vijijini, na baadhi yao hupanda gari la alfajiri kwa nauli waliyokopa. Hakimu akiingia mahakamani humwita karani aingie naye. Karani akishaingia, dirisha la masijala hubaki bila mtu, na mama aliyefuata nakala ya hukumu hukaa kwenye benchi hadi saa sita. Nikiagiza karani abaki dirishani, hakimu huona kwamba nimeingilia shauri lake. Nikinyamaza, wananchi hunijia mimi. Juma lililopita jalada moja lilitafutwa tangu saa mbili hadi saa nne na nusu, likakutwa kabatini katika ofisi ya hakimu likisubiri amri ndogo, na wakati huo mashahidi wawili walikwisha kuondoka.

Ninaomba kuelimishwa kuhusu mambo mawili. Kwanza, karani anawajibika kwa nani? Pili, nina karani mmoja anayebeba karibu kazi zote bila kulalamika na mwingine anayechelewa karibu kila siku. Nianzie wapi bila kuvuruga ofisi?

Karani Mstaafu

Ndugu Mtendaji, hongera kwa uteuzi, na pole kwa hayo uliyoyakuta. Nimefanya kazi masijala kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ndiyo iliyotenganisha shughuli za utawala na shughuli za utoaji haki. Kabla yake, hakimu mfawidhi, yaani hakimu anayeongoza mahakama husika, alikuwa na mzigo wa yote mawili, hukumu pamoja na mafuta ya gari. Sasa mstari wa utawala unashuka kutoka kwa Mtendaji Mkuu wa Mahakama hadi kwako, na mstari wa kimahakama unashuka kutoka kwa Msajili Mkuu hadi kwa hakimu mfawidhi. Karani yuko pale mistari hiyo inapokutana. Zamu, likizo, mahudhurio na vitendea kazi vyake viko mikononi mwako. Lakini akishakuwa ndani ya chumba cha mahakama, au akishika jalada kwa amri ya hakimu, humsikiliza hakimu. Kupanga shauri lipi liende kwa hakimu yupi ni kazi ya hakimu mfawidhi peke yake, na usiiguse hata ukiombwa na mtu unayemheshimu sana.

Kwa hiyo msibishane kwenye korido. Kaeni wawili, andikeni ratiba ya zamu ya juma zima inayoonyesha karani yupi yuko mahakamani na yupi yuko dirishani, kisha muisaini nyote wawili. Hakimu akimhitaji karani wa dirishani, atajua kwamba anavunja jambo aliloliridhia mwenyewe, naye atakujulisha kwanza.

Kuhusu majalada, asubuhi yako huharibika jana yake mchana. Kuanzia saa nane, karani achukue orodha ya kesho na kutoa kila jalada rafuni, kisha alifungue na kuangalia mambo matatu: kama hati ya wito imerudi ikiwa na uthibitisho kwamba ilimfikia mhusika, kama mshtakiwa aliye mahabusu ameandikiwa hati ya kutolewa gerezani, na kama kielelezo kinachohitajika kipo kwenye chumba cha vielelezo. Jalada lenye kasoro liwekwe pembeni ili hakimu aarifiwe kabla hajaondoka ofisini. Aidha, kila jalada linapotoka rafuni, pale lilipokuwa pachomekwe kipande cha karatasi ngumu chenye namba ya shauri, jina la aliyelichukua na tarehe. Mfumo wa kielektroniki wa kuratibu mashauri utakuonyesha hatua ambayo shauri limefikia, lakini hauwezi kukuambia kwamba jalada la karatasi limo ndani ya kabati la mtu.

Wakili wa Manyoni

Ninamuunga mkono Karani Mstaafu, isipokuwa katika jambo moja. Ratiba ya zamu haitasaidia sana ikiwa mashauri yote yataendelea kuandikwa saa tatu. Shauri la kutajwa tu, yaani linaloitwa bila kusikiliza mashahidi, humalizika kwa dakika chache, ilhali shauri lenye mashahidi wanne huchukua asubuhi nzima. Kuwakusanya watu wote hao kwa wakati mmoja ni kuwaonea. Mwombe hakimu mfawidhi mashauri ya kutajwa yatangulie, na yale ya kusikilizwa yaandikiwe saa yake halisi, hata kama ni saa nane mchana.

Jambo lingine ni ahirisho linalojulikana mapema. Hakimu akienda mafunzoni au likizo, ofisi huwa ina taarifa siku kadhaa kabla, lakini mdaawa huambiwa akiwa amekwisha kufika mlangoni. Namba za simu zimo kwenye majalada, kwa hiyo mtu mmoja apewe jukumu la kupiga simu siku iliyotangulia na kuandika ndani ya jalada kwamba amepiga. Kwa huku kwetu katikati ya nchi jambo hili si dogo: kati ya Desemba na Aprili makorongo hujaa maji, na mtu aliyevuka asubuhi anaweza kushindwa kurudi kwake jioni.

Ninaomba pia usimamie malipo kwa ukali. Ada ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na karani asipokee fedha mkononi hata kwa nia ya kumsaidia mzee asiyejua kutumia simu. Amsaidie kulipa, risiti itoke hapo hapo, na mzee aondoke nayo.

Afisa Utumishi

Nitajibu swali la pili, kwa sababu naona limepitwa.

Huyo anayechelewa, mwite peke yake na umuulize kabla ya kuandika lolote. Inawezekana anauguza, au anaishi mbali kwa kukosa nyumba ya kupanga karibu. Ukisharidhika kwamba hana sababu ya msingi, fuata utaratibu wa utumishi wa umma: mweleze kosa kwa maandishi, mpe muda wa kujieleza, na utunze kumbukumbu. Tume ya Utumishi wa Mahakama ndiyo yenye dhamana ya ajira na nidhamu katika utumishi huu, hivyo hakikisha kila hatua ina karatasi inayoweza kusomwa na mtu asiyekujua wewe wala yeye. Usimhamishie mahakama ya mwanzo ya mbali kama adhabu. Wananchi wa kijiji kile wanastahili karani anayewahi kazini sawasawa na wa makao makuu ya wilaya.

Huyo anayebeba kazi zote ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Siku akiugua, ofisi yako itasimama. Anza sasa kumpangia mwenzake wa kujifunza kwake, na kazi anazozifanya ziingizwe katika mfumo wa kupima utendaji, ili zisibaki sifa za mdomo tu.

Malalamiko dhidi ya hakimu mwenyewe usiyapokee kama suala la kiutumishi. Kuna kamati za maadili ya maafisa wa mahakama kwa ajili hiyo. Mwelekeze mlalamikaji huko.

Mtendaji Mgeni (Dodoma)

Ninawashukuru sana. Nimekwisha kuomba kikao na Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi kuhusu ratiba ya zamu na saa za mashauri. Limebaki moja: rufaa kutoka mahakama za mwanzo hukwama kwetu kwa sababu jalada la awali halijaletwa, na gari ni moja tu.

Karani Mstaafu

Hilo lisisubiri gari kupatikana. Mwananchi ana siku 30 za kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya. Yeye akijitahidi kuziwahi, si haki rufaa yake ikae miezi kwa kukosa jalada. Shauri linapozidi miezi 12 katika mahakama ya wilaya huhesabiwa kuwa mlundikano, na mtakaoulizwa ni ninyi. Tenga siku moja maalumu ya juma kwa ajili ya mzunguko wa majalada, dereva aende na daftari la kusaini kila jalada linapotoka na linapopokelewa, na barua ya kuita jalada iandikwe siku ile ile rufaa inaposajiliwa. Kwa mahakama zilizo kando ya njia moja, mahakimu wake wapigiwe simu jioni ya kuamkia safari, ili dereva ayakute majalada yamefungwa na kuandikwa orodha.