Familia ya Shosho: Shiru amefika Rombo

Shiru: Nimefika salama jamani. Tulipitia Emali tukapanda hadi Loitokitok, hapo Illasit nikagongewa muhuri kwa pasipoti nikavuka kwa miguu, ng'ambo ni Tarakea tayari, Rombo ya Tanzania

Anti wa Kayole: Asante Yesu! Na simu ilizima kwa nini, mamako hajala tangu asubuhi

Shiru: Chaji iliisha anti pole. Aki sijui nianzie wapi. Nilikuwa na ile picha tu na jina la baba, nikauliza mama fulani anauza ndizi sokoni, akaniangalia wee, akasema we mtoto wa nani? Nikamtajia. Akafunika ndizi zake na gunia akanishika mkono tukaingia kwa migomba, kila tukikutana na mtu anamwambia kitu kwa Kichaga na huyo mtu anatufuata, tulifika tukiwa kama kumi

Anko: Na bibi, mamake babako, yuko hai?

Shiru: Yuko. Haoni vizuri. Alinishika masikio, akayapapasa mpaka nikaanza kulia, halafu akaita jina la baba

Anti wa Kayole: 😭😭 Woiye

Shiru: Vile watu huniuliza ushago ya kwa babako ni wapi nanyamaza, sasa nimeiona. Baba amezikwa hapa kihambani nyuma ya nyumba, kihamba ndio shamba la ukoo, Mawenzi, kile kilele cha Kilimanjaro, unaiona kabisa ukisimama kaburini

Anko: Usitusahau lakini. We ni wa Umoja hapa Nairobi pia

Shiru: Anko siwezi. Hapa wananiita mtoto wa Nairobi hata

Shiru: Mama uko? Bibi amechuma jani la sale pale kaburini akalifunga fundo, akasema nikupelekee wewe. Wachaga wakikuletea sale wanakuomba msamaha. Anasema ni yeye aliyekukataa ile siku babangu alikuleta hapa, eti si wa kwao, na amekaa nayo moyoni miaka hii yote

Anti wa Kayole: Mama Shiru umeona?

Anko: Mwacheni kwanza

Mama Shiru: Nimeona

Mama Shiru: Nilikuwa na mimba yako siku hiyo. Tulirudi Nairobi usiku huo huo bila hata kupewa maji

Mama Shiru: Hilo jani usilitie kwa begi litavunjika. Libebe kwa mkono