Ushauri: miti ya sakafu karibu na shemine (Muhumba)

MwanaMuhumba: Jambo ndugu zangu. Tuko Bukavu, Muhumba, kwenye nyumba ya enzi za Wabelgiji yenye shemine ya matofali (sehemu ya kuwashia moto ukutani, na bomba lake la moshi). Watoto wamezidi vyumba, kwa hiyo tumeanza chumba cha mbao juu, chini ya mabati. Miti ya kubeba sakafu inapita karibu na shemine. Nauliza tu: karibu kiasi gani ni salama? Usiku sipati usingizi.

Mama Nguba: Pole mwanangu. Mimi shemine ningeiacha, mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) inatosha. Nilikaa Kadutu, nyumba za mbao zimebanana. Moto ukianza kwa mmoja, jirani anatoa godoro nje kabla hajauliza kuna nini. Gari la zimamoto lingepita wapi? Tangu pale mbao sizipendi.

Fundi wa Bagira: Mama, mbabula kwenye chumba kilichofungwa inaua watu usingizini, tusimpeleke huko. Ndugu, "karibu" ni vidole viwili au zimegusa?

MwanaMuhumba: Zimegusa kidogo.

Fundi wa Bagira: Kidogo namna gani?

MwanaMuhumba: Seremala alitoboa shemine akaingiza vichwa vya miti miwili humo, ili sakafu isiyumbe. Lakini ukuta ni mnene, tunawasha kila jioni na hakuna kilichotokea. Ni mkalitusi mgumu, haushiki moto ovyo. Na mbao tumeshalipa.

Mwalimu Ibanda: Kila jioni! Watu wanakata msitu wa Kahuzi-Biega kwa ajili ya makala na kuni, halafu tunashangaa mvua kubadilika. Vaeni makoti.

Fundi wa Bagira: Mwalimu, hilo tulizungumze siku nyingine. Ndugu, ubao mpya hushika moto joto likifika nyuzi 250 hivi au zaidi. Ukipashwa jioni baada ya jioni, miaka, unageuka makala taratibu huko ndani usikoona, na unaweza kushika kwa joto dogo zaidi. Kuni mbichi nazo zinaacha masizi yanayonata kama lami. Siku masizi hayo yakiwaka, joto linaweza kupita nyuzi 1,000, tofali la zamani linapasuka, na nyuma ya ufa kuna mti wako. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka sentimita 5 kati ya mbao na shemine ya matofali iliyo ndani ya nyumba. Nafasi hiyo usiijaze pumba za mbao wala matambara. Kwenye usawa wa sakafu, ziba kwa bati.

KijanaEssence: Mimi siiamini hadithi hii. Nani anawasha shemine Bukavu leo? Seremala gani anatoboa shemine? Weka picha.

MwanaMuhumba: Kaka, tuko mita 1,500 juu, na mama mkwe wangu baridi ya Juni inamwingia kwenye mifupa. Picha siwezi kuweka. Nyumba ni ya kupanga, na bayeri, mwenye nyumba, hajaambiwa.

KijanaEssence: Ahaa! Sasa naamini. Atakutoa na vitu vyako.

Mama Nguba: Bila kumwambia mwenye nyumba? Binti yangu alipanga hapa Nguba, akapaka rangi ukuta mmoja tu, ikawa kesi mpaka kwa shefu wa avenyi, kiongozi wa mtaa.

MwanaMuhumba: Bayeri yuko Kinshasa, na nyumba tunaiongezea thamani.

Fundi wa Bagira: Ya bayeri baadaye. Huko juu kuna mtu analala?

MwanaMuhumba: Watoto wakubwa wawili. Wanapapenda, kuna joto.

Fundi wa Bagira: Joto hilo ndilo ninalokuambia. Washushe leo, na usiwashe tena. Kata vichwa vya miti vibaki sentimita 5 mbali na tofali, viegemee mti wa kukingama unaobebwa na miti ya pembeni. Hiyo ya pembeni iwe miwili miwili. Mashimo yazibwe kwa tofali na udongo mzuri, si sementi ya juu juu. Kisha bomba lisuguliwe masizi lote.

MwanaMuhumba: Sakafu haitayumba?

Fundi wa Bagira: Ukiweka miwili pembeni, haitayumba. Mpigie seremala.

Mama Nguba: Watoto wameshuka?

MwanaMuhumba: Wameshuka, mama. Seremala anakuja kesho, ila anataka pesa nyingine.