Acheni kutuuzia rangi nyeusi! Gari la porini hukaguliwa chini, siyo juu

Wakuu,

Nimekaa na hasira hizi kwa wiki tatu, na nimeona nikizidi kunyamaza kuna mwenzangu mwingine atabeba akiba yake na kuipeleka ilikopotelea yangu. Nawalalamikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wauzaji wa magari ya 4WD yaliyotumika, yaani yanayovuta kwa matairi yote manne. Wa pili ni nyinyi wajuzi ambao mtu akiuliza anunue gari gani la kuingilia porini kwa pesa kidogo, mnamjibu kwa mstari mmoja, "chukua hilo, lina 4WD, halina shida," kisha mnaondoka.

Mimi nilijibiwa hivyo hivyo. Nikaenda kuliona gari. Limeinuliwa springi, lina matairi ya kashata yenye meno marefu, bampa la chuma, winchi mbele, taa sita juu ya keria. Muuzaji akanizungusha pande zote akinionyesha kimoja kimoja, na kila kitu alichonionyesha kilikuwa usawa wa kifua kwenda juu. Nilipoinama kuchungulia chini nikaona chesisi nzima imepakwa rangi nyeusi, inang'aa kama kiatu kipya. "Tumelikinga na kutu," akasema. Nikaona huyu mtu anajali gari lake. Nikalipa.

Safari ya kwanza tu, kwenye mwinuko wa mawe, tairi moja la nyuma likaning'inia hewani na kuanza kuzunguka peke yake. Nikasimama, nikaweka gia huru, nikavuta mkono kwenda 4L, yaani 4WD ya gia nzito, ile ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi. Mkono ukaingia, taa ikawaka, gari halikusogea hata kidogo. Mwenzangu akafunga kamba kunivuta kwa nyuma. Alipoanza kuvuta, ndoano iling'oka pamoja na kipande cha chesisi ukubwa wa kiganja. Ilipita pembeni ya mlango wa gari lake. Kama angekuwa amesimama nje, leo nisingekuwa naandika habari za magari.

Fundi alipolipandisha juu alichukua bisibisi, akaisukuma kwenye ile rangi nyeusi, karibu na kiti cha springi ya nyuma. Iliingia mpaka kwenye mpini, kama mtu anayechoma boga lililoiva. Alipoichomoa, tundu lilitema magamba ya kutu na udongo mkavu. Udongo wa safari za mwenye gari wa zamani, uliokaa ndani ya chesisi miaka sijui mingapi ukishika unyevu, ukiila chuma kutokea ndani. Rangi ya nje haizuii chochote hapo. Ikipakwa juu ya kutu inaufungia unyevu ndani, na kazi pekee inayoifanya vizuri ni kumdanganya mnunuzi.

Ndiyo maana nasema gari la porini lote liko chini. Chesisi, difu (lile boga la gia linalogawa mzunguko kwa tairi la kushoto na la kulia), propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), giaboksi ndogo (inayoingiza 4WD na gia nzito), sili, bushi. Huko ndiko pesa yako inakokwenda au inakookolewa. Na huko ndiko hakuna muuzaji anayekupeleka, wala mjuzi anayekuambia uende.

Tuanze na hilo neno 4WD, maana linatumika vibaya mpaka limekosa maana. Kuna magari mengi, RAV4 na X-Trail zikiwemo, ambayo yanapeleka nguvu kwenye matairi manne, na ni magari mazuri kwa barabara ya vumbi, mvua na utelezi. Lakini hayana gia nzito. Kitufe cha "LOCK" kwenye X-Trail siyo gia nzito wala siyo difu loki, yaani kifungio cha difu kinacholazimisha tairi la kushoto na la kulia kuzunguka pamoja. Kinagawa nguvu mbele na nyuma gari likiwa katika mwendo mdogo, na ukiongeza mwendo kinajitoa chenyewe. Mtu anayetaka kupanda mawe akiambiwa "yote ni 4WD tu", amedanganywa.

Gia nzito ni hesabu, siyo ushabiki. Chukua gari ambalo gia ya kwanza ni 4 kwa 1 na difu ni 4 kwa 1. Injini itazunguka mara 16 ili tairi lizunguke mara moja. Weka giaboksi ndogo ya 2.5 kwa 1, injini inazunguka mara 40. Hapo gari linapanda jiwe taratibu bila kukanyaga mafuta, na kwenye mteremko linashuka kwa kushikwa na injini bila kuunguza breki. Bila hiyo, unalazimika kuliendea jiwe kwa kasi. Anayepiga mawe kwa kasi anavunja vitu.

Na hata ukiwa na gia nzito, kumbuka difu ya kawaida inapeleka mzunguko kwenye tairi lenye kazi nyepesi. Tairi likiwa hewani ndilo lenye kazi nyepesi kuliko yote. Kwa hiyo difu loki ya nyuma inayofanya kazi ina thamani kuliko taa sita na winchi yangu vikiwekwa pamoja. Inayofanya kazi, nasisitiza. Swichi kuwepo kwenye dashibodi siyo ushahidi.

Kupima ni rahisi na hakuna aliyenifundisha. Lipeleke gari kwenye changarawe au udongo laini, simama kabisa, ingiza 4L, gia ya kwanza, achia klachi bila mafuta. Gari litambae kama mtoto. Kisha kwenye mwinuko wa udongo laini achia tena huku mwenzako amesimama mbali kidogo akitazama kama matairi ya mbele nayo yanachimba. Kwenye gari langu yasingechimba, maana haabu za mbele, vile vifungio vinavyounganisha matairi ya mbele na mashafti yake, hazikuwa zikishika, ingawa taa ya 4WD ilikuwa inawaka kwa raha zake. Taa ile ilikuwa inajua tu kwamba mkono umesogea. Dakika kumi zingeniokoa.

Usipime kwenye lami. Magari mengi ya kizamani ya 4WD hayana difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na kwenye kona tairi za mbele zinatembea umbali mrefu kuliko za nyuma. Kwenye udongo tofauti hiyo inamalizwa na utelezi, kwenye lami inaishia kukaza mashafti na kutesa giaboksi ndogo. Mwenye gari aliyekuwa anaendesha mjini na 4WD imeingia ili "gari lishike vizuri" amekuachia ugonjwa.

Sasa hili la kuinua springi. Kuinua springi kunanyanyua bodi. Hakunyanyui difu kwenye gari la eksili nzima, yaani lenye mhimili mmoja unaounganisha tairi la kushoto na la kulia, hata ukiinua mpaka gari lifanane na ghorofa. Difu inanyanyuliwa na tairi peke yake, na tairi likiongezeka kipenyo sentimita 5, difu inapanda sentimita 2.5. Wakati huohuo pembe za propela zimebadilika, mipira ya breki imevutika, na kwa gari lenye springi huru mbele (kila tairi linapanda na kushuka peke yake), zile jointi za mashafti zinafanya kazi zikiwa zimepinda muda wote mpaka raba zake zinachanika. Tairi kubwa nalo linaondoa ile nguvu ya gia uliyoilipia. Gari lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani, lenye matairi ya kawaida yasiyo vipara, ni bora mara kumi kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Ukifika kwenye mchanga punguza upepo mpaka psi 18 hivi, utashangaa linakokwenda. Rudisha upepo ukitoka.

Najua mtaniuliza, basi taja magari. Nitataja, lakini siwapi jibu la mstari mmoja.

Jimny ya kizazi cha 1998 hadi 2018 ni ndogo, uzito wake kama tani moja, ina chesisi ya ngazi (fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi), eksili nzima mbele na nyuma, na gia nzito. Kwa pesa kidogo sijaona mwalimu bora. Injini ya 1.3 inachoka barabara kuu, na nafasi ya mizigo hakuna. Haabu zake za mbele zinashikwa kwa nguvu ya vakyumu (injini kunyonya hewa), na vipira vyake vikipasuka matairi ya mbele hayavuti hata kama taa inasema yanavuta. Usukani ukitetemeka vibaya ukiwa kasi, kagua beringi za kingpini (zile ambazo tairi la mbele hugeukia likikata kona) na bushi kabla hujaambiwa "ni balansi tu".

Grand Vitara ya kuanzia 2005 usinunue kwa jina, soma swichi. Ikiwa imeandikwa 4L LOCK, ina gia nzito. Isipokuwa na maandishi hayo, haina, na bodi ni ileile, kwa hiyo kwa nje huwezi kujua.

Pajero ya kizazi cha pili, ile ya miaka ya 1990, haitajwi vya kutosha. Yenye mfumo wa Super Select ina difu ya katikati, unaweza kutembea na 4WD hata kwenye lami, na bado ina gia nzito. Prado ya toleo la 90 inasifiwa sana na inastahili, ila yenye injini ya 1KZ-TE ikiwahi kuchemsha, hedi (kichwa cha injini) hupasuka. Fungua rejeta injini ikiwa ya baridi, kisha iwashe. Ukiona mapovu yanaendelea kutoka, au maji yana mafuta, ondoka. Patrol Y61 ni chuma kweli, eksili nzima pande zote, lakini yenye injini ya mwanzo ya ZD30 inajulikana kwa kuunguza pistoni, wakati TD42 ni mzee mvumilivu. Land Cruiser 80 mnaipenda sote, lakini wauzaji nao wanajua mnaipenda, na ukinunua iliyochoka kwa sababu bei ya iliyo nzima hukuiweza, umenunua kazi ya fundi ya miaka.

Jina kubwa halizuii kutu. Mwaka 2016 nchini Marekani Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chesisi kuoza kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4, kwa magari kama milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Kama chesisi mpya za kampuni hiyo ziliweza kuoza, ya kwako ya miaka ishirini inayotoka kwenye nchi ya theluji na barabara za chumvi haina kinga ya jina.

Kwa hiyo nenda na vitu vinne: tochi, bisibisi, nyundo ndogo na nguo chafu. Lala chini. Gonga chesisi kwa nyundo polepole kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia wazi, kilichooza kinatoa mlio mfu kama gunia. Tumia muda mrefu kwenye viti vya springi, mahali pa kufungia shokapu, na ile nguzo ya mwisho ya chesisi iliyolala kwa upana nyuma. Penye rangi mpya ndipo uchome. Muuzaji akikataa usichome, ameshakujibu. Kisha omba kufungua boliti ya oili ya difu na uchovye kidole. Oili ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, gari limezama kwenye maji na hakuna aliyelisafisha. Beringi zinakungoja.

Na tafadhali acheni kuwaambia watu wamalize bajeti yote kwenye kununua! Hili ndilo linaloniuma kuliko hata chesisi, kwa sababu lilisemwa na watu niliowaamini. Mimi nilitoa yote, nikabaki sina hata ya oili. Gari la namna hii lililotumika linahitaji oili zote sita au saba kubadilishwa, mikanda, mipira ya maji, bushi, breki, na pengine matairi, kabla halijaingia popote. Theluthi moja ya pesa yako ibaki mfukoni siku ya kununua. Kama hilo linakushusha kutoka gari kubwa hadi dogo, shuka. Mwenye dogo zima atarudi nyumbani jioni.

Kwa wauzaji, nina ombi moja ambalo ni rahisi mno. Mnapoweka tangazo, wekeni picha nne za chini ya gari, kabla ya kupaka chochote. Hatuhitaji picha ya kumi na mbili ya bampa.

Gari langu sasa limekaa juu ya magogo. Juzi mtu ananishauri, kwa nia njema kabisa, nizibe matundu kwa puti, nipake rangi nyeusi, niliuze kama nilivyouziwa ili nirudishe angalau nusu. Sitafanya hivyo. Nimemwambia fundi akwangue rangi yote iliyobaki, matundu yaonekane. Injini ni nzima, difu ya nyuma ni nzima, winchi haijawahi kutumika. Anayetaka kipande aje, alale chini aangalie mwenyewe, tochi ninayo.